Mimi, Mume Wangu na Datsun ya Baba Mkwe

Kwenye semina ya ndoa tulifundishwa mambo ya pesa, wakwe, watoto na hata ya chumbani. Hakuna aliyetugusia habari ya gari la zamani. Wangetugusia, maana ugomvi mkubwa kuliko yote katika miaka yetu minne ya ndoa haukuwa wa nyumba ndogo wala wa meseji za usiku wa manane. Ulikuwa wa breki.

Nimtambulishe kwanza mke mwenzangu. Ni Datsun 240Z, rangi ya chungwa, milango miwili, viti viwili, boneti ndefu utadhani inatangulia kufika. Kwao Japani lilitoka mwishoni mwa mwaka 1969 kwa jina la Fairlady Z. Yutaka Katayama, aliyekuwa akiongoza biashara ya Nissan kule Marekani, aliona jina hilo halifai kwa gari la spoti, akataka liitwe 240Z, kutokana na injini yake ya lita 2.4. Kwa hiyo ukweli ni kwamba gari hili lilianza kufanyiwa mabadiliko kabla hata Mmarekani wa kwanza hajalinunua.

Baba mkwe alilinunua Nairobi mwaka 1975, likiwa limeshatumika, akaliendesha mwenyewe hadi Arusha. Kwa kijana wa wakati ule hilo halikuwa gari tu. Ni 240Z iliyoshinda mbio za Safari mwaka 1971 ikiwa na Edgar Herrmann, na ikashinda tena mwaka 1973 ikiwa na Shekhar Mehta, kijana aliyezaliwa Uganda. Mwaka huo Mehta alilingana pointi na Harry Källström, naye wa Datsun, na ushindi ukaamuliwa kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi bila kupata adhabu. Baba anaisimulia habari hiyo kila Krismasi kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa anasoma ramani.

Siku tulipooana, alimkabidhi mwanawe funguo mbele ya watu. Ukumbi mzima ulipiga vigelegele. Mimi pia nilipiga, sikujua ninachoshangilia.

Kambi mbili, nyumba moja

Wanaopenda magari ya zamani wamegawanyika kambi mbili, na kambi hizo hazisalimiani. Ya kwanza ni ya orijino. Hao hawataki hata nati ibadilishwe. Wanataka injini ileile ambayo namba yake imeandikwa kwenye kibati cha kiwandani chini ya boneti, kabureta zilezile mbili za Hitachi, rimu zilezile nyembamba za inchi 14. Mume wangu ni mwenyekiti wa kambi hiyo. Akipigiwa honi barabarani anajibu kwa honi orijino.

Na wana hoja. Mwezi Januari mwaka 2020, 240Z ya mwaka 1971 iliyotunzwa bila kuchezewa iliuzwa kwa mnada Marekani kwa dola 310,000. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Nissan wenyewe walinunua 240Z zilizochoka kule Marekani, wakazirudisha katika hali ya kiwandani, wakaziuza upya. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, linahesabu gari kuwa la kihistoria likiwa na angalau miaka 30 na likiwa limetunzwa katika hali sahihi ya kihistoria. Kwa ufupi, anayekata bodi ili kuingiza injini ya kisasa anakata pia sehemu ya historia, na huenda na ya bei.

Kambi ya pili ni ya shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, kijana wa Dar. Yeye alipoliona lile gari kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima, alisema neno moja tu: "2JZ." Yaani injini ya Toyota Supra yenye turbo, ambayo Japani ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 280, wakati ya kwetu ilitoka kiwandani na kama 150. "Bro, mzuka huo! Unaweka na rimu za inchi 17, mji mzima unakusalimia shikamoo."

Naye ana hoja. Kule California kuna kampuni inaitwa Singer, iliyoanzishwa mwaka 2009, inachukua Porsche 911 za wateja na kuzijenga upya. Watu wanalipia kazi hiyo pesa nyingi kuliko thamani ya gari lenyewe likiwa orijino. Na hizo Datsun zilizoshinda Safari hazikuwa kama zilivyotoka dukani. Ziliongezewa taa, zikavalishwa ngao chini ya injini na kuimarishwa kila mahali ambapo barabara zetu zingezivunja. Ile ya mwaka 1971 Nissan wanaitunza mpaka leo kwenye makumbusho yao kule Zama, Japani, na inaheshimiwa kwa sababu ya yale yaliyoifanya iwe tofauti na za dukani.

Lakini shemeji hasemi sehemu ya pili ya hesabu. Ukishaongeza nguvu mara mbili, klachi haitoshi. Ukibadilisha klachi, gia hazitoshi. Zikifuata gia, difu inalalamika, breki zinalalamika, na bodi yenyewe ya mwaka 1971, ambayo kwa 240Z ugonjwa wake unaojulikana ni kutu ya sakafuni, inaanza kujikunja. Unaanza na injini, unamaliza na gari jingine kabisa lenye sura ya lile la zamani.

Mteremko wa Mto wa Mbu

Sasa mimi nilikuwa wapi? Mimi nilikuwa kiti cha abiria, na tumboni nilikuwa na mimba ya miezi mitano.

Tulikuwa tunatoka harusini Karatu. Anayeijua barabara ile anaujua ule mteremko wa kushuka kwenda Mto wa Mbu, kona juu ya kona, ziwa Manyara linaonekana chini utadhani uko kwenye ndege. Mbele yetu kulikuwa na lori, mume wangu akawa anakanyaga breki, anaachia, anakanyaga. Kufika katikati nikasikia harufu kama ya kitu kinachoungua. Nikamwona anakanyaga tena, na safari hii mguu ukaenda mbali kuliko kawaida. Hakusema kitu. Alirudisha gia ya pili, injini ikapiga kelele, akavuta na hendibreki taratibu, tukafika chini. Tuliposimama, nilishuka nikakaa kwenye jiwe. Mikono yake ilikuwa inatetemeka.

Fundi alituambia kesho yake. Diski ndogo, pedi zimechoka, mafuta ya breki ya zamani, joto likizidi mafuta yanachemka na pedali inakuwa laini kama mkate. "Kwa mwaka 1971 hizi zilikuwa breki nzuri tu," alisema. "Ila mama, siku hizi kuna malori mengi."

Akatupa na dawa. Kalipa za Toyota Hilux 4WD ya miaka ya 1980, zenye pistoni nne, zinaingia kwenye 240Z kwa bolti, na diski ya zamani inabaki. Hukati chuma, unatoa tu kile kikinga vumbi cha nyuma ya diski. Na spea za Hilux Arusha hazina tabu.

Mume wangu akasema hapana. Atanunua pedi mpya orijino, atabadilisha mafuta, basi. "Nikishaanza na kalipa, kesho nitaambiwa injini. Gari la mzee litabaki jina."

Nilimjibu kwa sauti ya chini, maana nikipandisha huwa hasikii: "Mume wangu, mimi sitaki kuwa mjane mwenye gari orijino."

Wiki mbili tulilala tukiwa tumepeana migongo. Pembeni kulikuwa na suala la pesa, kwa sababu tulikuwa tunajenga Njiro, msingi umeshaisha, matofali yanasubiri, na kila spea iliyoagizwa Japani ilikuwa inatoka kwenye bahasha ya matofali. Kulikuwa na mtu wa Nairobi pia, ametuma ujumbe kwamba atalinunua kwa bei nzuri, mradi halijaguswa. Kwa hiyo kila nilipotaja breki, mume wangu alisikia nataka kupunguza bei. Na kila alipotaja orijino, mimi nilisikia kwamba mtoto wetu atasubiri.

Kirungu cha gia

Katika kipindi hichohicho kifurushi kikafika kutoka Japani. Ndani yake kulikuwa na kirungu cha gia, cha mbao, kama kilichotoka kiwandani. Cha kwetu kilikuwa cheusi, kizito, hakifanani na picha yoyote ya 240Z. Mume wangu alikifungua kile cheusi akakitupa kwenye droo, akaweka kipya. Alifurahi kama mtoto wa chekechea.

Jumapili iliyofuata baba mkwe akaja kula. Baada ya chakula akaomba alipashe gari moto, mazoea yake. Alikaa, akaweka mkono kwenye gia, akautoa kama ameguswa na umeme.

"Kirungu changu kiko wapi?"

Mume wangu akaanza kueleza kwa fahari kwamba amepata cha orijino. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mwanangu, hicho cha orijino kilipasuka mwaka 1979. Mpaka wa Namanga ulikuwa umefungwa tangu 1977, Jumuiya imevunjika, vita ya Kagera, spea hakuna, sabuni yenyewe hakuna. Nilikwenda kwa mchonga vinyago mmoja akanichongea cha mpingo. Mama yako alikisugua kwa mafuta ya nazi wiki nzima, anasema kisije kikapasuka na hiki."

Mama mkwe sikubahatika kumkuta. Alifariki mume wangu akiwa sekondari.

Akaendelea, bila hasira. Rejeta iliunganishwa na fundi wa matrekta. Bushi za mbele zilikatwa kwenye tairi la lori. Usukani tu, alisema, ndio hajaugusa. "Gari unalolilinda halikutoka Japani hivi, baba. Lilitengenezwa humu humu, na njaa zetu."

Mume wangu hakujibu. Alikwenda kwenye droo, akarudi na kile kirungu cheusi, akakifungia palepale huku sisi tunamtazama. Jioni, tukiwa tunaosha vyombo, aliniuliza: "Yule fundi anafungua saa ngapi kesho?"

Mkataba wetu

Tulikaa mezani tukaandika masharti matatu, tukasaini wote wawili. Sioni aibu kuwapa na ninyi.

La kwanza, usalama hauna orijino. Breki, mikanda, taa na matairi vinabadilishwa bila mjadala. Tulifunga kalipa za Hilux, na platini tukaweka ya elektroniki ili lisizime njia panda.

La pili, hakuna kukata wala kuchomelea kitu ambacho hakiwezi kufunguliwa kwa spana. Kila kinachotolewa kinaandikwa tarehe na kuingia kwenye sanduku. Siku mtoto wetu akitaka la kiwandani, atalikuta lote sandukuni. Shemeji na 2JZ yake aliishia hapo. Alinuna, akapona.

La tatu, spea yoyote inayozidi bei ya tofali mia inaamuliwa na watu wawili.

Mtu wa Nairobi tulimwambia haliuzwi. Nyumba imechelewa miezi mitatu, lakini imeezekwa. Kwa kuwa gari lina viti viwili na sisi tuko watatu, tumenunua na Vitz ya kazi. Datsun inatoka Jumapili, na tunapanda kwa zamu.

Nimejifunza kitu ambacho naona kinawafaa hata wasio na gari. Wengi tunaingia kwenye ndoa tukiwa na mojawapo ya tabia hizi mbili. Kuna anayetaka kumbadilisha mwenzake injini ndani ya miezi sita, na kuna anayesema "mimi ndivyo nilivyoumbwa, nichukue hivihivi" wakati breki zake hazishiki. Huyo wa kwanza ajiulize kama anachotaka kukata kinaweza kurudishwa. Huyo wa pili akumbuke kwamba hicho anachokiita asili yake huenda kilichongwa na mtu mwingine, katika shida fulani, kwa sababu kilichokuwepo kilipasuka.

Mehta alishinda Safari mara tano, na katika mashindano kadhaa aliyekaa kiti cha pembeni akimsomea njia alikuwa mkewe, Yvonne. Nilipomwambia mume wangu habari hiyo alicheka, akaninyooshea ramani. Nilimwambia nitaisoma, ila kuanzia Karatu kushuka chini, ninaendesha mimi.