Siku Ngapi Zatosha?

Ahadi ya mzazi ni deni, na mtoto anayedai hana haraka wala usahaulifu. Mwezi wa Aprili 2023 niliwaahidi watoto wangu kwamba sikukuu ya Krismasi ikipita tutakwenda Hifadhi ya Taifa ya Meru, na tutakaa huko siku tatu. Niliyatamka maneno hayo jioni, nimekwisha kula, na mshahara ukiwa bado mfukoni. Nadhani ahadi nyingi za watu wazima huzaliwa katika saa kama hiyo.

Twaishi Kianjai, kando ya barabara itokayo mji wa Meru kwenda Maua. Anayetaka kwenda hifadhini huifuata barabara hiyo hadi Maua, kisha huteremka upande wa pili wa milima ya Nyambene, akaiacha baridi na mashamba ya miraa nyuma yake, akaingia katika nchi tambarare yenye joto mpaka lango la Murera. Si safari ndefu. Walakini watoto wengi wa kwetu huijua hifadhi hiyo kwa picha za vitabuni tu, na huyaona magari ya watalii yakipita kama mtu atazamavyo wageni wakielekea karamu asiyoalikwa. Kukaa karibu na kitu si kukijua.

Katika nyumba yetu mna watoto watatu. Wa kwanza ni mtoto wa marehemu kaka yangu, ambaye tulianza kumlea akiwa mdogo. Wakati huo alikuwa na miaka 14, naye huniita Baba mdogo. Wa pili ni binti yangu, aliyekuwa na miaka 12. Wa tatu ni mvulana, aliyekuwa na miaka 9. Kila mmoja alikuwa na haja yake.

Mtoto wa kaka yangu alitaka kuona vifaru. Alikuwa amesoma kwamba katika miaka ya 1970 na 1980 majangili waliwamaliza wanyama wengi wa hifadhi ile, na kwamba mwaka 1988 waliwaua vifaru weupe watano waliokuwa wakilindwa na askari. Alijua pia kwamba siku hizi pana sehemu iliyozungushiwa ua, ambamo vifaru weusi na weupe hulindwa usiku na mchana. Alitaka kuona kwa macho yake kwamba kitu kilichokaribia kwisha kinaweza kurudi.

Binti yangu alitaka kuliona kaburi la Elsa. Habari za simba jike huyo alizipata shuleni: jinsi alivyozaliwa mwaka 1956; jinsi mama yake alivyopigwa risasi na George Adamson, aliyekuwa mlinzi wa wanyama; na jinsi yeye na mkewe Joy walivyomlea yule yatima, kisha wakamfunza kuishi porini kama simba wengine. Kitabu cha Joy Adamson, Born Free, kilitoka mwaka 1960. Elsa akafa mwaka 1961. Miaka mitano baadaye, yaani mwaka 1966, mahali alipozikwa pakawa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Meru. Binti yangu alipokuwa akisimulia habari hizi alikuwa akiitazama miguu yake, nami nilijua kwa nini. Katika nyumba yenye yatima, hadithi ya yatima haisimuliwi kwa sauti kubwa.

Mwanangu wa mwisho hakuwa na historia. Alitaka simba aliye hai, basi.

Chuoni nilikojifunza ualimu tulizoezwa kuandika andalio la somo kabla ya kuingia darasani: lengo ni nini, muda ni gani, vifaa ni vipi. Nikachukua daftari nikaandika andalio la safari. Hapo ndipo nilipotambua kwamba swali la siku ngapi si dogo kama nilivyodhani.

Swali hilo si letu peke yetu. Huko Marekani, tangu Walt Disney alipofungua bustani yake ya michezo, Disneyland, katika jimbo la California mwaka 1955, wazazi wengi wamekaa mezani na kalamu wakijiuliza kama mimi. Lakini wao wana nafuu moja. Michezo ya bustani ile ni ya mashine, na mashine huzunguka kwa saa iliyopangwa. Mzazi aweza kuihesabu michezo, akakisia muda wa kupanga foleni, akagawanya kwa saa za mchana, akapata jibu. Mzazi wa Kianjai hana hesabu ya namna hiyo. Simba haji kwa kengele. Hifadhi ya Meru ina ukubwa wa kilomita za mraba 870, na mito na vijito vingi vyenye vichaka kandokando, ambamo ndovu mzima aweza kusimama hatua chache kutoka kwako usimwone.

Isitoshe, wanyama wana saa zao. Wengi hutembea na kula alfajiri na jioni; jua likipanda hujilaza vivulini. Nikapiga hesabu. Tukienda kwa siku moja, tutafika langoni asubuhi imekwisha kuiva, tutazunguka wakati wa joto, na itatubidi kuondoka kabla ya jioni ili tupande milima kungali na mwanga. Yaani tutalipa siku nzima, na saa mbili zilizo bora kuliko zote tutaziacha. Tukilala usiku mmoja, tutapata jioni moja na alfajiri moja. Siku ya tatu itakuwa ya kwenda kusini, kwenye mto Ura, kaburini kwa Elsa. Kwa kuwa sisi twaingilia kaskazini, na njia za hifadhini si za kukimbilia, mwendo huo ungetaka siku yake yenyewe. Nikaandika siku tatu, nikapiga mstari chini, nikafunga daftari.

Mwezi wa Novemba matokeo ya mtihani wa darasa la nane yakatoka, na mtoto wa kaka yangu alikuwa amefaulu vizuri. Akapata nafasi katika shule ya bweni. Tulifurahi, tukachinja kuku. Kisha ikaja orodha ya vitu vitakiwavyo: karo, sare, viatu, sanduku la bati, godoro, blanketi, ndoo, vitabu. Shule ingefunguliwa katikati ya Januari. Nikalifungua tena lile daftari la safari. Kiingilio cha hifadhini hulipwa kwa siku, lakini hicho si kitu kikubwa kwa wenyeji. Gharama nzito ilikuwa gari la kukodi. Siku moja ya gari ilikaribia bei ya sanduku, godoro na blanketi.

Nitakiri jambo ambalo mwalimu hapendi kulikiri mbele ya wanafunzi. Sikuwaambia watoto ukweli. Watoto walipouliza habari za safari, nilijibu kwa furaha isiyokuwamo moyoni. Usiku nilifikiri kukopa. Nilifikiri pia kusingizia mvua, maana mvua za mwaka huo zilikuwa kubwa mno nchini Kenya, na barabara nyingi ziliharibika. Uongo wangu ungepata shahidi mwema. Nilijiambia kwamba nawalinda watoto. Kwa hakika nilikuwa nailinda sura yangu machoni pao.

Mke wangu alinivumilia kwa wiki mbili. Kisha akaniambia, "Baba watoto, hawa si wageni waliopita njia. Mbona wawaficha hali ya nyumba yao wenyewe?"

Sikuwa na jibu. Si mbali na kwetu, huko Nchiru, ipo nyumba ya baraza ya Njuri Ncheke, wazee wa Wameru, ambao hukaa na kusikilizana kwanza ndipo wakaamua. Nami nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wangu sifa za baraza hilo mara nyingi. Lakini nyumbani kwangu nilikuwa mzee mmoja aliyejifanya baraza nzima.

Basi siku ya Jumapili, baada ya chakula, tuliketi sote. Niliweka mezani daftari la safari na orodha ya shule, vyote viwili wazi, nikaeleza kila kitu kwa shilingi zake.

Wa kwanza kusema alikuwa mtoto wa kaka yangu. "Baba mdogo," alisema, "mimi nitabaki nyumbani. Nendeni ninyi siku tatu."

Maneno hayo yalinichoma kuliko yote niliyoyaogopa. Nilifahamu kwamba, kwa kuficha, nilikuwa nimemwacha mtoto yule ajihesabu kuwa mzigo. Kama tungezungumza mapema kama watu wa nyumba moja, orodha ile ingekuwa yetu. Sasa aliiona kuwa yake. Mke wangu akamwambia, "Mwanangu, hapa haendi mtu ukibaki wewe. Tuendelee."

Mvulana mdogo akapendekeza siku moja, kisha akauliza kama simba huamka mchana. Nikamweleza habari za alfajiri na jioni. Akanyamaza akiwaza.

Binti yangu alikuwa akisoma daftari. Akauliza, "Siku ya tatu ndiyo ya kwenda kwa Elsa?"

"Ndiyo," nikamjibu.

Akakaa kimya kitambo, kidole chake kikiwa juu ya mstari ule. Kisha akasema, "Basi tuiondoe hiyo. Kaburi la Elsa halihami. Shule ndiyo isiyongoja."

Hivyo ndivyo tulivyokata shauri: siku mbili na usiku mmoja. Andalio langu lilirekebishwa na mtoto wa miaka 12, nalo likawa bora.

Tulikwenda katika siku za mwisho za Desemba. Nyasi zilikuwa ndefu kwa sababu ya mvua, na mambo mengi yalifichika. Katika eneo la vifaru tulizunguka muda mrefu bila kuona kitu, hata mtoto wa kaka yangu akaacha kusema. Kisha dereva akasimamisha gari, akaonyesha kwa kidevu. Mbali kidogo, juu ya nyasi, palikuwa na mgongo mpana wa kijivu, na ndege wadogo juu yake. Hatukuona pembe wala miguu. Kijana yule aliutazama mgongo ule mpaka ukapotea, akasema polepole, "Kumbe wapo."

Jioni tuliwaona ndovu wakivuka kijito penye mikoche. Usiku tulilala katika hema za kuazima kwenye kambi ya Bwatherongi. Kati ya usiku simba alinguruma, mbali, mara tatu. Mwanangu wa mwisho alinishika mkono kwa nguvu, nami sikusema neno. Alfajiri tulitoka mapema, tukawaona twiga ambao mabaka yao yamechorwa kama wavu, na wale punda milia wa Grevy, wenye milia myembamba. Simba hatukumwona. Nilimwuliza mwanangu kama amesikitika. Akanijibu, "Yeye alikuwapo. Ni sisi tusiomwona." Nimefundisha miaka mingi, na sijapata kulieleza jambo hilo vizuri hivyo.

Lakini sitaki mdhani kwamba kila kitu kilikwenda kama hadithi. Tulipokuwa tukirudi langoni tulipita njia panda, mkono mmoja ukielekea kusini. Binti yangu aligeuka akaitazama njia ile hadi ikafichwa na vichaka. Hakulalamika. Alikuwa ameamua mwenyewe, na bado aliumia. Nikajifunza hapo kwamba uamuzi wa haki hauondoi uchungu. Huufanya tu uwe uchungu ambao mtu aweza kuubeba bila chuki.

Mwezi wa Januari 2024 sanduku la bati likawa tayari. Binti yangu alichukua brashi na rangi nyeupe, akaliandika jina la nduguye juu ya kifuniko kwa herufi kubwa. Alifanya kazi hiyo kwa uangalifu mwingi, na herufi moja ilipokwenda upande aliifuta akaianza upya.

Enyi vijana msomao, huenda siku moja mtauliza siku ngapi zatosha kwa jambo mlipendalo. Mimi siwezi kuwapa idadi. Kwetu sisi jibu lilikuwa mbili, kwa sababu moja ingetunyima alfajiri, na tatu ingemnyima mtu godoro. Na jibu hilo nisingalilipata peke yangu usiku, nikiwa na daftari na hofu. Lilipatikana mezani, ukweli ulipowekwa wazi mbele ya wote uliowahusu. Ikiwa wazazi wenu wanawaficha hali ya nyumba, msiwahukumu upesi. Yamkini wanawaogopa ninyi kuliko mnavyodhani. Waulizeni kwa adabu. Pengine wanangoja kuulizwa.

Nami siku ile ya tatu bado nadaiwa. Sikuifuta daftarini. Niliiandika katika ukurasa wake wenyewe, na kila Krismasi ikipita binti yangu huufungua, akautazama, akaurudisha mahali pake bila kusema neno.