Mawe ya Yatima

Kaka yangu alipofariki, Allah amrehemu, hakuacha nyumba wala shamba. Aliacha cherehani mbili, pikipiki, na tangi la kioo la lita 200 lenye maji ya chumvi, mawe na samaki watano. Wakati wa kugawa mirathi, warithi watu wazima waliridhia kwamba tangi liingie katika fungu la mwanawe wa kiume, aliyekuwa na umri wa miaka 11, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akilihudumia pamoja na baba yake. Mimi nikawa msimamizi wa mali ya mtoto. Pikipiki na cherehani havikunipa taabu yoyote.

Shemeji alipomaliza eda, nyumba ya kupanga pale Magomeni ikarudishwa kwa mwenyewe, nao wakahamia kwangu Tabata. Nilisimamia kuhamishwa kwa tangi lile kwa bidii ya mtu asiyejua. Niliwahofia samaki. Niliyahofia maji, nikayajaza katika madumu hata tone lisipotee, maana nilidhani uhai wote umo humo. Ama mawe, yapata kilo 20, niliyatia katika viroba nikayaacha barazani tangu asubuhi mpaka kirikuu ilipofika karibu na Adhuhuri. Tulipofika Tabata niliyakuta yana utelezi na yananuka, nikayasugua chini ya bomba hadi yakatakata. Mtoto alisimama mlangoni akinitazama, asiseme neno.

Siku ya tatu maji yaligeuka meupe kama maji ya kuoshea mchele. Kufikia siku ya tano tulikuwa tumewafukia samaki wanne chini ya mwembe. Ndipo aliponiuliza, "Baba mdogo, yale mawe uliyaosha kwa maji ya bomba?" Alikuwa ameniona. Nadhani alitaka nilitamke mwenyewe. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Baba alikuwa akiniambia mawe ndiyo yanayowalea samaki." Nikamuuliza kwa nini hakunizuia. Akajibu, "Ulikuwa umeshaanza."

Jawabu hilo lilininyima usingizi. Mali ya yatima iliharibika mikononi mwangu, tena mbele ya macho yake, na heshima aliyofunzwa ikawa ndiyo iliyomfunga ulimi. Nikaanza kujifunza kwake na kwa vitabu vya marehemu.

Jiwe la namna ile huitwa jiwe hai. Lenyewe ni chokaa tupu, lakini limejaa matundu, na katika matundu hayo huishi bakteria wasioonekana kwa macho. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu pia; kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, yenye madhara madogo zaidi. Ndani kabisa ya jiwe, kusikofika oksijeni, wapo wengine wanaoigeuza nitrati kuwa gesi ikatoka majini. Juu ya hao kuna minyoo, sifongo na mwani mgumu wa zambarau. Jua la barazani liliwaua wengi, na klorini ya bomba ikawadhuru waliosalia. Kisha maiti zao zilizobaki ndani ya matundu zikaoza na kutoa amonia mpya. Lililokuwa chujio likawa chemchemi ya sumu. Na yale maji niliyoyabeba kwa madumu? Bakteria hao hushikamana na mawe na mchanga. Majini huwa wachache mno.

Msomaji asije akadhani kwamba marehemu aliyang'oa mwambani. Matumbawe ya baharini si ya kung'olewa kwa ajili ya pambo la sebuleni. Aliyanunua makavu, akayaweka pamoja na kipande kimoja kilicho hai alichopewa na rafiki yake, akangoja miezi mingi.

Nasi tulingoja. Mawe yalikaa kwenye pipa la plastiki lenye maji ya chumvi na pampu, pasipo mwanga. Kila wiki tulibadilisha maji na kuondoa vilivyokufa kwa mswaki. Samaki aliyesalia aliishi kwenye ndoo, akibadilishiwa maji kila siku. Baada ya wiki sita amonia ilikwisha.

Mwaka huu tumehama tena, kutoka Tabata kwenda Kigamboni. Kijana sasa ana miaka 15, na safari hii niliiweka amri mikononi mwake. Siku mbili kabla alichanganya maji mapya, chumvi karibu gramu 35 kwa lita, akayaacha na pampu yakitulia. Mawe aliyahamishia katika ndoo zenye vifuniko, yakiwa yamezama kabisa katika maji ya tangi. Yale yenye sifongo aliyahamisha ndani ya maji kwa maji, kwani hewa ikinaswa ndani ya sifongo huiua. Samaki walikuwa na ndoo yao, wasije wakapondwa na jiwe. Mawe mawili hayakuenea. Nikachukua gazeti ili niyafunge likiwa limeloweshwa maji ya chumvi, akanizuia: "Baba mdogo, hilo lina aya." Tukatumia taulo.

Kabla ya kufika daraja la Kigamboni, tairi la gari lilipasuka. Tulikaa juani saa moja na nusu. Kijana alizifunika ndoo kwa kanga mbichi za mama yake, akawa anaziangalia pampu ndogo za betri moja baada ya nyingine, na kipimajoto kilipopita nyuzi 29 akaelesha chupa ya barafu iliyofungwa vizuri. Mimi nilinunua maji ya kunywa tu.

Tulipofika, mke wangu akauliza vitanda vitashushwa lini. "Mama mdogo, vitanda vitatungoja," akasema, na mawe yakatangulia. Siku ya pili kipimo kilionyesha dalili ya amonia. Akabadilisha robo ya maji. Siku ya sita rangi ilirudi kuwa manjano, yaani hakuna kitu, Alhamdulillah.

Usiku ule baada ya Isha aliniita kwa sauti ya chini, akiwa na tochi aliyoifunika kwa kiganja. Kutoka katika tundu la jiwe moja alikuwa ametokeza mnyoo, amefungua taji lake la manyoya, dogo kuliko ukucha.

"Hili," akasema, "ni mojawapo ya yale uliyoyaosha."

Nikamwomba tochi nitazame tena.