Vitufe Vinapohama



Sisi watu wa Kasindi tumezoea kubadilika. Tukivuka daraja la mto Lubiriha kwenda Mpondwe, magari yaliyokuwa yakipita kulia huanza kupita kushoto, saa husogea mbele kwa saa nzima, na Kifaransa cha ofisini hukipisha Kiingereza. Dereva wa lori huyapokea yote hayo bila manung'uniko, na akirudi hubadilika tena. Kwa hiyo tulidhani kwamba mtu wa mpakani hawezi kushindwa na mabadiliko ya kioo cha kompyuta. Tulikosea.

Tulikuwa vijana watatu katika ofisi ndogo ya kuchapa hati, kando ya barabara iendayo Beni. Aliyetufundisha kazi alikuwa mzee mmoja aliyeanza na mashine ya kupiga chapa, akajifunza kompyuta utu uzima ukiwa umekwisha kumfika. Programu ya Word aliijua kama mtu anavyoijua nyumba yake gizani: juu kushoto neno «Fichier», na ndani yake pa kuhifadhi na pa kuchapisha. Mkono wake ulikwenda wenyewe, macho yakabaki kwenye hati ya mteja.

Siku moja ikaletwa kompyuta kutoka Kampala, yenye Word ya 2007, tena kwa Kiingereza. Katika toleo hilo kampuni ya Microsoft ilikuwa imeziondoa menyu zilizozoeleka, ikaweka utepe mpana wenye picha ndogo ndogo. Sababu haikuwa mbaya: kazi za programu zilikuwa zimerundikana mno ndani ya menyu, hata watu wakawa wanaomba vitu ambavyo tayari vilikuwamo. Lakini mzee wetu hakuna aliyemweleza sababu. Aliona tu kwamba «Fichier» haipo, na mahali pake pana duara lenye nembo ya rangi, lisilo na neno lolote. Akadhani ni pambo. Alipobonyeza Ctrl na G ili kukoleza herufi, kama alivyozoea kwa Kifaransa, kikafunguka kisanduku cha kutafuta ukurasa. Hata A na Q zilikuwa zimebadilishana nafasi kwenye kibodi.

Mteja alikuwa akisubiri, na sisi tulicheka. Mmoja wetu akasema, «Papa, simama kidogo, tufanye sisi.» Akasimama. Tangu siku hiyo hakuketi tena mbele ya mashine. Alibaki na daftari la risiti. Hatukumfukuza, lakini tulikuwa tumemnyang'anya kiti chake.

Baada ya majuma machache tulichapa orodha ya mzigo wa kakao. Lori lilikuwa linangurumisha injini nje. Mzee aliitazama karatasi kabla hatujaitoa mkononi, akasema kwa upole, «Wanangu, hesabu hii haikai.» Mafungu yalikuwa magunia 40, 35 na 28, sisi tuliandika jumla 130 badala ya 103. Magunia 27 yasiyokuwapo yangefika forodhani yakiwa kwenye karatasi, na mwenye mzigo angeulizwa yako wapi. Orodha ilikuwa imepangwa vizuri, yenye mistari na herufi nzuri, na ilikuwa ya uongo. Sisi tulivijua vitufe. Yeye aliijua kazi. Husemwa kwamba penye wazee haliharibiki neno, nasi mzee tulikuwa naye, ila tulikuwa tumemweka pembeni.

Jioni ile tulimwomba radhi. Kisha tukachukua karatasi, tukapiga mstari katikati. Upande mmoja yeye alitaja mahali pa zamani, upande wa pili sisi tukaandika mahali papya. Tuligundua kwamba Ctrl na S bado ilihifadhi, na Ctrl na P bado ilichapisha; tukaanzia hapo, kwenye vile ambavyo havikuhama. «Kumbe duara hili ni mlango?» aliuliza. Tulimjibu, «Ndiyo, Papa,» na safari hii hakuna aliyecheka. Kabla mwezi haujaisha alikuwa akichapa mwenyewe, polepole, bila kosa. Na tulipokuja kuliona toleo la 2010, duara lilikuwa limeondolewa, na neno la faili limerudi kwenye kona yake. Siku hiyo mzee alicheka kuliko sisi sote.

Leo zamu ni yetu. Programu nyingi sasa hubadilishwa kwa njia ya intaneti usiku tumelala, na asubuhi tunatafuta tulichokiacha jana. Tumejifunza kujiuliza kwanza tunataka kufanya nini, ndipo tutafute pa kubonyeza. Maana kitufe huhama, kazi haihami. Na tumejifunza jambo zito zaidi. Dereva anayevuka daraja kwa mara ya kwanza huhitaji mtu kando yake wa kumwambia, «Shika kushoto.» Aliyetangulia kuijua njia ana deni kwa anayekuja nyuma, na deni hilo halilipwi kwa kumwondoa kwenye usukani.

Tujiulize katika vikundi vyetu: ni nani tuliyempokonya kiti kwa sababu tu alichelewa kuliona jambo jipya? Tena, yeye anajua nini ambacho sisi bado hatujakijua?