Walipochagua mji wa Marekani, swali halikuwa kodi ya nyumba

Fomu ya viza ilikuwa na sehemu moja ambayo baba na mama hawakujua waijaze nini: anwani ya Marekani ambako Green Card zitatumwa.

Ilikuwa mwaka 2023, na familia hii ya watu watano ya Tabata, Dar es Salaam, ilikuwa imeshinda bahati nasibu ya viza. Wengi hudhani kazi ngumu ni kushinda. Kwao ilianzia hapo. Mkimbizi anayepokelewa Marekani hupangiwa mji wa kuanzia maisha. Mshindi wa bahati nasibu hapangiwi na mtu. Anachagua mwenyewe, na nchi ina majimbo 50.

New York na Los Angeles waliziondoa mapema. Kila aliyewahi kukaa huko aliwaambia jambo moja, kwamba kodi ya nyumba itawamaliza. Wakabaki na miji ya kati, yenye wakazi laki mbili hadi laki tano hivi, ambayo haionekani sana kwenye filamu. Baba, ambaye ni mhasibu, akanunua kaunta buku, akapiga mistari na kuandika majina manne: Des Moines, Colorado Springs, Cincinnati na Lexington. Juu ya safu akaandika kodi, kazi, shule na usalama.

Des Moines, mji mkuu wa jimbo la Iowa, uliongoza. Rafiki yake wa chuo alikuwa akiishi huko na aliahidi kuwapa chumba kwa miezi mitatu. Kodi ilikuwa nafuu, na mji ule ni kituo kikubwa cha kampuni za bima, hivyo mhasibu angeweza kuota kurudi siku moja kwenye kazi aliyosomea. Colorado Springs ulipendwa na watoto kwa sababu ya picha za milima.

Mama aliliangalia daftari kwa siku mbili bila kusema neno. Siku ya tatu akafungua ukurasa mpya, akaandika jina la mtoto wao wa pili.

Mvulana huyo alikuwa na miaka 6, na ana selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita siko seli. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa nao. Wazazi hawa walikuwa wameshazoea kliniki, maji ya kunywa kila wakati, dawa ya haidroksiyurea na usiku wa kukanda miguu ya mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa. Mama alitaka kujua kitu kimoja: katika miji hii minne, ni upi utakaomtunza mtoto huyu?

Kwenye kliniki iliyofuata alimpelekea daktari lile daftari. Daktari aliweka kidole kwenye Colorado Springs kwanza. Mji ule uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Mbeya mjini. Kadiri mtu anavyopanda ndivyo oksijeni inavyopungua, na oksijeni ikipungua, chembe nyekundu za mwenye selimundu hujikunja kwa urahisi zaidi na kuziba mishipa. Wapo wenye selimundu wanaoishi miinuko ya namna hiyo, lakini kwa mtoto ambaye tayari hulazwa mara kwa mara, daktari hakuona sababu ya kujaribu. Mama akapiga mstari.

Baridi nayo huamsha maumivu, na hapo hakuna mji uliopona, kwa kuwa yote mitatu iliyobaki huganda Januari. Des Moines ndio wenye baridi kali zaidi. Una hospitali ya watoto, ila hospitali kubwa ya chuo kikuu ya jimbo hilo iko Iowa City, mwendo wa karibu kilomita 180. Baba hakufurahi, lakini hakubisha.

Cincinnati, katika jimbo la Ohio, ukapanda ghafla. Hospitali yake ya watoto ni miongoni mwa zinazosifika zaidi Marekani, na ina kliniki maalumu ya selimundu. Watoto wenye ugonjwa huu hutakiwa kupimwa kila mwaka mishipa ya damu ya kichwani kwa mawimbi ya sauti, kuanzia miaka 2 hadi 16, ili kugundua mapema walio hatarini kupata kiharusi. Kule kipimo hicho kingekuwa jambo la kawaida.

Jimbo pia lina maana kubwa kuliko wageni wengi wanavyodhani. Kwa kawaida, mtu mzima mwenye Green Card husubiri miaka 5 kabla ya kustahili Medicaid, bima ya umma ya wenye kipato kidogo. Tangu mwaka 2009 majimbo yameruhusiwa kuwaondolea watoto na wajawazito kipindi hicho cha kusubiri, na si yote yaliyofanya hivyo. Ohio na Kentucky ni miongoni mwa yaliyowaondolea watoto. Kuna sheria ya mwaka 1986 inayozilazimisha idara za dharura kumpokea mgonjwa hata kama hana fedha, lakini bili humfuata nyumbani. Kwa mtoto anayelazwa mara kwa mara, kuvuka mpaka wa jimbo kunaweza kuamua kama familia itaanza maisha na madeni au la.

Kwa hiyo kwenye karatasi Cincinnati ulishinda. Mama alikwenda kumwambia muuguzi wa kliniki, mama wa makamo aliyemfahamu mtoto tangu akiwa na miezi 9. Muuguzi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: “Akipata homa saa nane usiku, na mzee yuko kazini, hao wengine wawili utawaacha na nani?”

Mama hakuwa na jibu. Kwa mtoto mwenye selimundu, homa ya nyuzi 38.3 au zaidi ni dharura, kwa sababu wengu wake haufanyi kazi vizuri na maambukizi yanaweza kuenea kwenye damu kwa saa chache. Hasubiriwi mpaka asubuhi. Tabata kulikuwa na jirani wa kumgongea mlango. Cincinnati hawakumjua mtu hata mmoja.

Lexington walikuwa na mtu. Tatizo ni kwamba mtu mwenyewe alikuwa wifi.

Wifi, dada yake baba, alikuwa ameishi Lexington, jimbo la Kentucky, kwa miaka minane. Yeye na mama hawakuwa wakizungumza zaidi ya salamu za Krismasi. Mtoto alipogundulika na selimundu, wifi alisema kwenye kikao cha ukoo, “Kwetu hatuna ugonjwa huo.” Maneno yale mama aliyabeba kama jiwe. Kila mtoto alipolazwa aliyasikia upya, ingawa daktari alishamweleza kwamba mtoto hupata selimundu pale tu anaporithi vinasaba vyake kutoka kwa wazazi wote wawili, na kwamba wazazi wote wanapokuwa wabebaji, kila ujauzito una uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa.

Baba ndiye aliyepiga simu, akaiweka sauti ya nje. Alieleza habari za hospitali, bima na homa ya usiku. Kimya kikatanda upande wa pili mpaka wakadhani mtandao umekatika.

“Wifi yupo hapo?” sauti ikauliza.

“Nipo, wifi.”

Ndipo wifi akasimulia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu nyumbani. Mtoto wake alizaliwa Lexington, na huko kila mtoto mchanga hutobolewa kisigino na kupimwa magonjwa kadhaa, selimundu likiwemo. Majimbo yote ya Marekani yamekuwa yakifanya kipimo hicho tangu mwaka 2006. Majibu yalionyesha kuwa mtoto ni mbebaji. Mume akapimwa, akakutwa hana. Wifi akapimwa, na ikawa ni yeye.

“Kwetu upo,” alisema. “Nilijua miaka mitatu iliyopita, nikaona aibu kukupigia. Mimi sijui hospitali ipi ni namba ngapi. Ninachojua, ukinipigia saa nane usiku nitakuja na khanga yangu.”

Mama hakusema amesamehe. Alisema asante, akaenda jikoni. Usiku ule aliandika kwenye daftari, mbele ya Lexington, neno moja: wifi.

Walipochunguza zaidi, Lexington haukuwa mnyonge. Una hospitali ya watoto ya chuo kikuu yenye madaktari wa damu wa watoto, na Cincinnati uko karibu kilomita 130 kwa barabara kuu, mbali kidogo kuliko kutoka Dar es Salaam hadi Chalinze, kwa siku itakapohitajika huduma kubwa zaidi. Wakongo wengi waliopokelewa kama wakimbizi wameweka makazi huko, na Kiswahili ni moja ya lugha zinazozungumzwa zaidi mjini baada ya Kiingereza na Kihispania.

Gharama ilikuwepo. Baba aliiacha ndoto ya kampuni za bima za Des Moines, akaanza kazi ya ghala, zamu ya usiku. Nyumba ya bei waliyoimudu ilikuwa ya zamani, na kwa kuwa rangi yenye risasi ilipigwa marufuku majumbani mwaka 1978, mama alimwomba mwenye nyumba karatasi ambayo sheria inamtaka aitoe kwa nyumba zilizojengwa kabla ya hapo. Mabasi yalikuwa machache usiku, wakalazimika kukopa gari mapema kuliko walivyopanga. Na wifi ni wifi. Bado hutoa maoni kuhusu chumvi ya mboga.

Homa ilikuja Februari, majira yao ya baridi ya kwanza, kasoro ya dakika kumi tu ya saa ile aliyoitaja muuguzi. Kipimajoto kilisoma 38.9. Baba alikuwa ghalani. Mama alipiga simu moja, akamvisha mtoto koti, akachukua faili lenye barua ya kliniki ya Dar, orodha ya dawa, kundi la damu na chanjo zake. Alipofungua mlango, taa za gari zilikuwa zinaingia uani.

Wifi alishuka amejitanda khanga juu ya koti. Hakuuliza kitu. Aliingia ndani, akavua viatu, akalala kwenye kochi karibu na mlango wa chumba cha watoto.

Mtoto alilazwa siku nne, akatoka. Lile daftari bado liko kwenye kabati la jikoni. Marafiki wa Dar wanaojaza fomu zao huwapigia kuuliza kodi ya Lexington ni kiasi gani. Mama huwatajia, kisha naye huwauliza lile swali la muuguzi: ikifika saa nane usiku, mtampigia nani?