Desemba za Tarime

Mjukuu wangu, umeniandikia kwamba wewe na wenzako mmesajili chama cha kutetea mabinti dhidi ya ukeketaji, na unataka kujua mseme nini ili wazee wawasikilize. Nami nakujibu kwa yale niliyoyaona. Mwaka 1998 nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huku milimani Tarime. Desemba ya kwetu unaijua kwa harufu: udongo mwekundu uliolowa mvua, moshi wa kuni mbichi, pombe ya ulezi iliyokwisha kuiva. Mwezi huo wenye maduka walimaliza soda kreti kwa kreti. Ulikuwa mwaka wa saro, kwa maana koo zetu za Wakurya hutahiri na kukeketa katika miaka inayogawanyika kwa mbili, shule zikiwa zimefungwa. Njiani ulikuta filimbi, vigelegele na mabinti waliofunikwa kanga mpya, nyuso zimepakwa unga, noti zimebandikwa kifuani. Nilimwona mwanafunzi wangu wa darasa la sita, hodari wa hesabu, akitembezwa taratibu katikati ya shangazi zake. Jamaa zake walikuwa wakicheza. Yeye alitazama chini, midomo imemkauka. Shule zilipofunguliwa Januari dawati lake lilikuwa tupu. Ng'ombe wa mahari walikwisha kupokelewa.

Mwaka huohuo, Rais Mkapa akiwa madarakani, Bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake kilichoanzishwa mwaka 1987, pamoja na wanaharakati wengine, walikuwa wameipigania kwa kalamu na redio hadi ikapita, na kazi ile isidharauliwe. Anayemkeketa msichana wa chini ya miaka 18 aliwekewa kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Lakini hebu piga hesabu kama mzee wa Kikurya. Mahari ya binti aliyekeketwa ilikuwa kundi la ng'ombe, na faini hiyo ilifidiwa kwa ng'ombe wachache tu mnadani. Na shahidi angekuwa nani? Mama? Shangazi aliyemshika? Mtoto mwenyewe angesimama mahakamani amshtaki baba yake, kisha jioni arudi kulala wapi? Binti aliyekataa aliitwa msagane, yaani asiyekeketwa, kisimani, sokoni, hata kanisani. Wageni walikuja na fulana na vipaza sauti, wakatuhutubia uwanjani, wakapiga picha, wakaondoka kabla msimu haujaanza. Wazee wa inchama, ambao ndio hupanga msimu, hakuna aliyewafuata kwao kuzungumza nao.

Mambo yalianza kugeuka mtoto alipopata pa kukimbilia. Kufikia mwisho wa miaka ya 2000, masista wa Kikatoliki walikuwa wakipokea mabinti katika Kituo cha Masanga msimu mzima. Mabinti walikula, walisoma na kufundishwa kuhusu miili yao. Upande wa Serengeti, Rhobi Samwelly, ambaye mwenyewe alikeketwa utotoni akanusurika kufa kwa kutokwa damu, alifungua Nyumba Salama ya Mugumu mwaka 2014. Mabinti walifika usiku, wengine pekupeku, magoti yamechunwa na vichaka. Na ukitaka kujua kazi nzito iko wapi, itazame Januari. Msimu ukiisha, wazazi huitwa, hukaa na ustawi wa jamii na polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto, hutia saini kwamba mtoto akirudi hatakeketwa. Anayekataa kusaini, mtoto wake hubaki kituoni na kusomeshwa. Tatizo jingine lilikuwa njia. Polisi walipigiwa simu usiku kutoka kitongoji ambacho hakikuwa kwenye ramani yoyote, wakatangatanga hadi kukacha. Kuanzia mwaka 2015, watu wa kujitolea wa mradi wa ramani wa Crowd2Map, wengine wakiwa ng'ambo na wengine humuhumu vijijini, walichora barabara na vitongoji hivyo kimoja kimoja, gari likapata pa kupita.

Takwimu za serikali zinasema mwaka 2010 wanawake 40 katika kila 100 mkoani kwetu Mara walikuwa wamekeketwa. Mwaka 2022 walikuwa 28. Kushuka huko hakukuletwa na sheria peke yake, wala na nyumba salama peke yake. Sheria ilimpa polisi mamlaka, nyumba ikampa mtoto ujasiri wa kukataa, na mazungumzo ya Januari yakampa baba njia ya kurudi nyuma bila kuaibika mbele ya ukoo wake. Kimoja kati ya hivyo vitatu kikikosekana, vingine viwili havifiki mbali.

Kwa hiyo, mjukuu wangu, kabla hamjachapisha fulana, tafuteni kwanza vitanda, chakula na ada ya shule. Nendeni kwa wazee wa inchama Machi, wakati hakuna ngoma, mkae chini, mwasikilize wamalize, ndipo mseme. Msimtukane ngariba, muulizeni ataishi kwa nini akiacha kisu, mumsaidie kupata jibu. Na msiondoke Desemba ikiisha. Wanaokuja msimu na kuondoka na msimu, watu wetu wamekwisha kuwazoea na hawawahesabu.