Ng'ombe Wanane na Sheria Mbili

Tangu darasa la kwanza hadi fomu ya mkopo wa chuo, kwenye sehemu ya jina la baba nimejaza jina la mtu aliyekufa miaka kumi na moja kabla sijazaliwa. Alikuwa mume wa bibi. Bibi hakupata mtoto wa kiume, na katika kijiji chetu cha Tarime mji usio na mtoto wa kiume huhesabiwa umezimika. Basi bibi akatoa ng'ombe wanane kwa wazazi wa mama, akamwoa. Mama alikuwa na miaka kumi na sita. Wenyewe tunaita nyumba ntobhu. Akachaguliwa mwanamume wa kuzaa naye, ambaye mimi namjua kwa sura na tunasalimiana sokoni, akatuzaa mimi na kaka yangu. Tukawa watoto wa mji wa bibi.

(Marafiki zangu wa Dar wakisikia haya hukimbilia kwenye mapenzi. Hayapo. Kila mmoja alikuwa na chumba chake. Ni mkataba wa mji, ardhi na uzao.)

Mwaka wa mwisho wa shahada ya sheria, msimamizi wangu alitaka utafiti linganishi. Alisema mlinganisho mzuri ni wa majirani wanaofanana, kama Sweden na Norway, maana hapo tofauti ya sera huonekana vizuri. Nikamwambia mimi nina wangu, Sirari na Isebania, Wakurya huku na Wakurya kule, waliotenganishwa na mpaka ambao Waingereza na Wajerumani walikubaliana mwaka 1886.

Upande wetu sheria ni fupi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Kifungu cha 160, kinachowasaidia walioishi pamoja miaka miwili bila cheti, nacho kinataka mwanamume na mwanamke. Kwa hiyo mama, baada ya miaka zaidi ya ishirini katika nyumba ile, kisheria hajawahi kuolewa. Hata kesi ya Rebeca Gyumi haikumfikia. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubali mwaka 2019. Lakini vifungu hivyo vinahusu ndoa. Akitolewa ng'ombe leo kwa binti wa miaka kumi na sita, bibi mwenye nyumba anaweza kusema hakuna aliyeoa. Yapo makosa ya jinai ya kumshtaki yule mwanamume, ndiyo, ila lazima kwanza mtu aende kituoni, na wanaopaswa kwenda ndio waliopokea ng'ombe.

Ng'ambo nilikuta kitu kilichoninyima usingizi. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Kenya, Mombasa, ilisikiliza mirathi ya mwanamke wa Kinandi aliyekuwa ameoa mwanamke mwenzake kimila. Jaji alikubali kwamba aliyeachwa ni mke, na wanawe ni watoto wa marehemu kwa maana ya Sheria ya Urithi. Niliisoma hukumu ile mara mbili usiku mmoja. Kwa muda nilitamani kuwa Mnandi.

Natamani ningekuwa nayo mwaka 2021, bibi alipofariki. Wana wa shemeji zake walikuja kabla matanga hayajaisha. Hoja yao ilikuwa kwamba mama si mjane, maana hakuna mume aliyekufa. Watu walewale waliokula nyama siku ng'ombe wanane walipotoka sasa walikuwa wakiitegemea Sheria ya Ndoa, ambayo sidhani hata mmoja wao amewahi kuishika. Ritongo likakaa siku mbili chini ya mti. Shamba lilibaki kwetu kwa sababu kaka yangu yupo. Jina la mama halikutajwa katika uamuzi, na mimi niliambiwa nitaolewa.

Kwa hiyo nilikwenda kwenye mahojiano nikiwa na jibu tayari: Kenya inatambua, sisi hatutambui, tujifunze. Wanawake niliozungumza nao Tarime, karibu na Mugumu, na kule Kehancha hawakunisaidia sana. Mmoja wa upande wa Serengeti alikuwa amekimbia mume mpigaji, akaingia nyumba ntobhu kwa hiari yake. Aliniambia amenenepa, analala, na haelewi ninachotaka kurekebisha. Mwingine, mdogo kuliko mimi, alitazama mlango muda wote tulipokuwa tukiongea, kwa sababu mama mwenye nyumba alikuwa uani anapepeta mahindi.

Likizo iliyopita nilimsomea mama muhtasari wa rasimu, nikiutafsiri kidogo kidogo kwa Kikurya. Alikuwa anachambua dagaa. Nilipofika kwenye hukumu ya Mombasa alinisimamisha, akauliza kama mke yule wa Kinandi angetaka kuondoka bibi akiwa bado hai, angeruhusiwa kuondoka na watoto, na ng'ombe angerudisha nani.

Nilifungua tena ile hukumu kwenye simu. Ilikuwa kesi ya mirathi, na hakuna aliyekuwa ameuliza hilo.