Malezi ya Mtoto Mtukutu

Wazee walisema kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Neno hili ni la kweli kwa kila mzazi, walakini uzito wake haulingani kwa wote. Wako waliopewa watoto watulivu: ukimweka mkekani utamkuta mkekani, ukimpa uji atakunywa na kukurudishia kikombe. Tena wako waliopewa watoto ambao toka jogoo la kwanza hata usiku miguu yao haipumziki, wala sauti zao hazipumziki. Leo nataka kuandika habari za hawa wa pili, maana nyumbani kwetu hapa Sapiwi yuko mmoja. Nami naona ya kuwa wazazi wengi wenye mtoto wa namna hii hunyamaza kwa haya, wakidhani kwamba utukutu wa mtoto ni alama ya upungufu wao.

Binti yangu ana umri wa miaka miwili na miezi minne. Asubuhi yu zizini kabla ya wachungaji, akitaka kufungua mlango kwa mikono yake mwenyewe. Michembe ikianikwa, yeye huikusanya akawapa kuku. Maji yakiletwa, atataka kuyamimina; ukimzuia, hujitupa chini akalia mpaka majirani wanauliza kuna nini. Neno alipendalo kuliko yote ni “mwenyewe.” Hataki kuvalishwa, hataki kulishwa, hataki kushikwa mkono. Kanisani twakaa karibu na mlango, maana mahubiri yakizidi kidogo yeye hushuka mapajani kwenda kuwasalimu watu safu kwa safu. Na wakati wa mavuno, pamba ikiwa imelundikwa nyumbani kungoja mnada, yeye hujirusha katikati ya lundo akazama, kisha huchomoza kichwa kimejaa nyuzi nyeupe, akicheka. Mama yake hukasirika, maana pamba yataka iwe safi. Walakini nimemwona mara nyingi akigeuza uso ili mtoto asimwone akicheka.

Kwa kuwa ni binti, maneno ya watu huwa mengi zaidi. Akipanda mkokoteni wa ng'ombe, husema, “Huyu angezaliwa mwanamume.” Akilia sokoni, hututazama sisi wazazi. Nimepewa mashauri ya namna tatu, nami napenda kuyapima mbele yenu moja moja.

Shauri la kwanza ni la fimbo. Mzee mmoja jirani yangu, mtu ninayemheshimu sana, aliniambia, “Mwalimu, samaki mkunje angali mbichi.” Nikamjibu, “Kweli, baba, lakini methali yasema mkunje, haikusema mvunje.” Akacheka, tukaendelea na mazungumzo. Watu wa Usukuma twajua habari hii kwa njia ya ng'ombe. Mtu akitaka kumfundisha dume changa kukokota plau, hamfungi nira peke yake akampiga mpaka ajue. Humfunga pamoja na ng'ombe mkubwa aliyezoea kazi, wakaenda sambamba, na yule mdogo hujifunza mwendo kwa kumfuata mwenzake. Dume lenye nguvu na ukaidi kidogo ndilo linalotazamiwa kulima vema baadaye. Likipigwa mpaka roho yake ikavunjika, litakuwa la kusukumwa kila hatua. Basi kama twamfanyia ng'ombe subira ya namna hii, itakuwaje tumnyime mtoto?

Tena sheria ya nchi imesema juu ya jambo hili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 13, inakataza kumtesa mtoto na kumpa adhabu ya kikatili au ya kumdhalilisha. Inaongeza kwamba hakuna adhabu inayokubalika ikiwa mtoto, kwa ajili ya umri wake mdogo, hawezi kuelewa kusudi la adhabu hiyo. Mtoto wa miaka miwili ajua kwamba amepigwa na kwamba anaumia. Walakini kuunganisha maumivu yale na maji aliyomwaga, na kutokumwaga maji kesho, ni hesabu iliyo kubwa kuliko akili yake.

Shauri la pili ni kumwacha. Husema, “Mtoto akililia wembe, mpe.” Methali hii ina mahali pake. Yamfaa kijana aliyeonywa, ambaye mkwaruzo mdogo utamfundisha yale ambayo maneno yameshindwa. Lakini katika vijiji vyetu vitu vinavyomwita mtoto mdogo si wembe tu: kuna moto wa mafigani, kuna kisima na lambo, kuna kwato za ng'ombe, tena kuna dawa za kuulia wadudu wa pamba, ambazo watu wengine huzitia katika chupa za soda na kuziweka chini ya kitanda. Mambo haya hayamfundishi mtoto, humwua.

Masika iliyopita kulikuwa na msiba kwa jirani, watu wakajaa. Katikati ya watu wale binti yangu akatoweka. Tukamtafuta nyumba hata nyumba, mama yake akiita kwa sauti ambayo sijapata kuisikia tangu nimwoe. Kijana mmoja mchungaji akaja amembeba begani. Alimkuta amefuata bata mpaka ukingoni mwa lambo, ameinama, mkono mmoja umo majini. Usiku ule wengi walisema, “Sasa mchape, asisahau.” Mimi nilimshika tu mikononi, nikahisi moyo wake ukipiga upesi kama wa ndege, nikaona ya kuwa yeye hakujua lo lote la hatari ile. Alikuwa akieleza habari za bata. Siku ya tatu nikaanza kupanda ua wa minyaa kuzunguka mji wetu, nikatengeneza na lango la miti lenye kamba juu asipofikia. Dawa za pamba zimo katika sanduku lenye kufuli. Akili ya mtoto huyu bado haijaweza kumlinda, basi ni lazima ua umlinde mpaka akili ifike.

Shauri la tatu ni kwamba ana ugonjwa, apelekwe kwa waganga. Kumpeleka zahanati ni vema, maana mtoto anayelia sana huenda anaumwa sikio au tumbo, na mtoto ambaye hasikii vizuri huonekana kama mkaidi. Sisi tulimpeleka, akapimwa uzito na masikio, akaonekana mzima. Basi tukajua kwamba utukutu wake si ugonjwa, ni tabia aliyozaliwa nayo.

Juu ya tabia hii wako wataalamu waliochunguza kwa makini. Katika mji wa New York, Marekani, waganga wawili, mtu na mkewe, Alexander Thomas na Stella Chess, walianza mwaka 1956 kuwafuata watoto 133 tangu uchanga wao. Waliona kwamba watoto hutofautiana tangu mwanzo: kadiri ya 40 katika 100 walikuwa wepesi kulea, kadiri ya 15 walikuwa wazito kuzoea mambo mapya, na kadiri ya 10 walikuwa wagumu, wenye hasira kubwa na wasio na saa maalumu ya kula wala kulala. Waliobaki walichanganya tabia hizi. Lakini jambo kubwa walilofundisha ni hili: tabia ya mtoto peke yake haimwamulii kuwa mwema au mbaya. Linaloamua zaidi ni kama malezi yanapatana na tabia ile. Mbegu ya mpunga si mbaya kwa kuwa haioti mlimani, wala ya mtama si mbaya kwa kuwa huoza majini. Mkulima ndiye anayepaswa kujua ameshika mbegu gani.

Tena yafaa kujua kwa nini umri huu una vilio vingi. Mtoto wa miaka miwili ana mapenzi makubwa na maneno machache. Ajua sana anachotaka, lakini ulimi haujafika pale moyo ulipofika. Na ile sehemu ya mbele ya ubongo imsaidiayo mtu kujizuia hukua polepole, wala haikomai mpaka mtu amepita miaka ishirini. Basi tukimwambia mtoto huyu, “Jizuie,” twamdai fedha ambayo hajaipata bado.

Sasa nitaeleza tunayofanya nyumbani.

Kwanza, usingizi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019, likasema mtoto wa mwaka mmoja mpaka miwili yampasa kulala saa 11 hata 14 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana, na wa miaka mitatu mpaka minne saa 10 hata 13. Tumeona kwa macho yetu kwamba vilio vyake vikubwa huja siku alizokosa usingizi wa mchana, au chakula kilipochelewa. Ndiyo sababu yeye hula kabla ya wageni, na jua likiwa kali hulazwa chini ya mwembe, hata kama kazi ni nyingi.

Pili, mwendo. Mwongozo ule ule wasema watoto hawa wacheze na kutembea muda usiopungua dakika 180 kwa siku, wala wasifungwe mahali pamoja, hata mgongoni, zaidi ya saa moja kwa mfululizo. Wakina mama wa kwetu hulima mtoto akiwa mgongoni kwa kuwa shamba halingoji. Siwalaumu hata kidogo. Lakini mtoto akishuka kila baada ya muda, akakimbia mpaka kwenye mti na kurudi, jioni huwa na amani zaidi.

Tatu, kazi. Mtoto asemaye “mwenyewe” anaomba kazi. Tumempa kidumu chake cha lita moja, na ufagio mfupi. Bibi yake humwita, “Mayu, njoo tuchague kunde,” naye hukaa kitako muda ambao sisi wazazi wake hatujapata kumkalisha. Kunde nyingi huenda kwa kuku, lakini kazi inafanyika, na moyo wake unatulia.

Nne, makatazo machache yasiyogeuka. Tukimkataza kila kitu, hatasikia neno lo lote. Kwa hiyo tumechagua manne: moto, maji, lango, na kupiga wenzake. Katika hayo, baba na mama na bibi husema neno moja, hata akilia namna gani. Katika mengine twampa kuchagua: gauni hili au lile, uji kwanza au kuoga kwanza. Anayechagua hapati sababu kubwa ya kugomba.

Tano, kilio kikianza, hatupigi kelele juu yake. Mmoja wetu hukaa karibu, akanyamaza, akahakikisha hajiumizi. Kilio kikiisha, twamfuta uso, twamwambia kwa maneno machache neno alilokuwa analitafuta: “Ulitaka kumimina mwenyewe. Maji yale yalikuwa ya moto.” Walakini alichokililia hapewi kwa sababu ya kilio. Mcha mwana kulia hulia yeye.

Huenda msomaji atauliza, faida ya taabu hii yote ni nini? Nitajibu kama mwalimu. Miaka kumi na mitatu nimefundisha darasa la kwanza. Kila mwaka hupokea watoto ambao mtu akiinua mkono kuandika ubaoni, wao hukinga vichwa. Ni watulivu sana. Wazazi wao husifiwa kwa utulivu huo. Lakini ukiwauliza swali hutazama chini, na wasipoelewa hawasemi, hata mwaka ukaisha nao hawajajua kusoma. Pia hupokea watoto wachache ambao nyumbani hawakukatazwa lo lote, nao hulia kila wakishindwa. Na kila mwaka yuko mmoja au wawili wenye moto ndani yao, waliozoea kusikilizwa na kukatazwa pia. Hao huniuliza, “Mwalimu, kwa nini?” mpaka nachoka. Hao huwafundisha wenzao nikiwa nimetoka. Natamani binti yangu akija kuketi katika dawati lile, aje na moto wake, si na majivu yake.

Najua taabu ya jambo hili. Mama yake huchoka, nami huchoka. Ziko jioni ambazo hatuna hata maneno ya kuambiana. Kwa hiyo nawaambia wanaume wenzangu: mkono mmoja haulei mwana. Ukitoka kazini au mnadani, mchukue mtoto huyo, mwende naye kuangalia ndama, ili mama yake apate saa moja ya kukaa kimya. Saa hiyo ni zawadi kubwa kuliko kitenge. Na ninyi majirani, mkimwona mama anahangaika na mtoto anayelia njiani, msimtazame kama mtu aliyeshindwa. Mchukulieni mzigo wake wa kuni, ili amchukue mtoto wake.

Na wewe mzazi mwenye mtoto wa namna hii, usione haya. Panda ua, funga dawa, mlaze mapema, mpe kazi, shika neno lako, tena uwe na subira. Minyaa haioti kwa siku moja, wala mtoto hakui kwa siku moja. Lakini vyote viwili, vikitunzwa, huota.

Wasalaam,
Mwalimu wa Sapiwi, Bariadi